Kipande cha Kitu Namba 41

Tak. Kimya. Tak.

Nilikuwa mimi. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado, nami nimekaa kitandani nafungua kasha la miwani na kulifunga, na kila likijifunga linalia tak, kama mjusi mwenye masikitiko. Kutoka chumba cha pili binti yangu Raya akasema:

"Mama, ukilifungua tena hilo kasha litavunjika, na Mama Mkubwa atapokea miwani ndani ya soksi."

"Nahakikisha imo."

"Imo tangu Jumanne."

Aliamka hata hivyo, akanichemshia chai ya tangawizi, akanifungia maandazi manne kwenye kitambaa: mawili ya kwendea, mawili ya kurudia. Kisha akanifunga kamba za viatu mwenyewe, akiwa amepiga magoti sakafuni, bila kusema kwamba siku hizi siinami vizuri. Raya ana maneno makali, lakini mikono yake haijawahi kuyasikia.

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwa woga. Ni kwamba sheria inamtaka kila anayelitaja, na kila anayelisikia, asimame wima mpaka hesabu ifike thelathini, na magoti yangu hayataki. Wewe msomaji nawe pengine umeshakaa vizuri. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina wizara hamsini na mbili, na ina Kisiwa cha Pazile, tulikozaliwa mimi na dada yangu Mwanatumu.

Miaka sita iliyopita Serikali iligundua kwamba Pazile ina magofu. Sisi wenyeji tulikuwa tunayajua, maana tulikuwa tunaanika nguo juu yake, lakini hatukuwa tumeyagundua. Kugundua ni kazi ya watu waliosoma. Ikaundwa Mamlaka ya Kuhifadhi Magofu, Mchanga na Utulivu wa Pwani, na jambo la kwanza ililofanya ni kutuhamisha sote, kaya arobaini, tukakae bara ili magofu yapumzike. Afisa aliyetutoa alikuwa mpole. Alimbeba kuku wangu mwenyewe mpaka kwenye boti, na njia nzima alikuwa anamwambia samahani.

Dada yangu hakuhamishwa. Siku ile makarani walipita kuorodhesha vyote vilivyomo ndani ya kuta za kale, na maagizo yao yalikuwa wazi: kinachosogea na kujibu ni mkazi, kipelekwe botini, kisichosogea wala kujibu ni mali ya kale, kiandikwe. Walipofika kwenye msikiti mkongwe wa mawe ya matumbawe walimkuta dada yangu yuko kwenye sala ya dhuha. Karani akabisha hodi mara tatu. Mwanatumu hamjibu mtu akiwa kwenye sala, hata nyumba ikiwaka. Tena ni mtu wa sijida ndefu, kwa sababu ana orodha ya watu wa kuwaombea, na asubuhi ile, kwa ajili ya uhamisho, orodha ilikuwa imefika kaya zote arobaini.

Makarani walisubiri. Hakuna aliyethubutu kumkatisha, maana nao ni watoto wa watu, wamelelewa. Robo saa ikapita. Jua likawa kali, boti inapiga honi. Basi wakaandika:

"Kitu namba 41. Bibi, mmoja. Umri haujulikani. Hali: nzuri. Kimeinama."

Alipotoa salamu na kuinuka, wino ulikuwa umekauka. Na kitu kikishaandikwa kwenye daftari la Serikali yetu hakifutiki, kwa sababu kalamu ziko wizara moja na vifutio viko wizara nyingine.

*

Tangu hapo dada yangu ni mali ya kale ya taifa. Hasogezwi, hakarabatiwi, haongezewi kitu. Wali anaopikiwa huandikwa kama "dawa ya kuhifadhi", na samaki kama "dawa ya kuhifadhi, ya mafuta". Mbele yake imefungwa kamba, hatua kumi kutoka alipokaa, na kibao kinasema wageni wasiguse na wasiseme naye, kwa kuwa sauti za raia husababisha nyufa.

Mara moja kwa mwaka, Siku ya Umma Kuona Mali Yake, tunaruhusiwa kwenda kumtazama. Boti inafika saa tatu asubuhi, inaondoka saa kumi alasiri. Miaka mitano nimesimama nyuma ya kamba ile nikimpungia mkono dada yangu, naye akinipungia. Lakini mwaka jana aliupungia mkono upande mwingine. Alimpungia mgeni mmoja mwenye kofia nyekundu, kwa furaha, mikono yote miwili, na yule mgeni, mtu mwema, akampungia vilevile mpaka akachoka. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake.

Nilirudi bara nikaenda kwa daktari wa macho. Nikamwambia, "Mgonjwa haruhusiwi kuja, lakini macho yake ni kama yangu, ila yametangulia miaka mitano." Daktari alifikiri, akanipima mimi, akaongeza miaka mitano, akatengeneza miwani. Hakunicheka hata kidogo. Aliifuta kwa shati lake mwenyewe kabla ya kunipa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye kasha. Dada yangu ana miaka themanini na moja. Nilikuwa nimeshaamua kwamba siku hiyo atanitazama mimi, si kofia ya mtu.

*

Ufukwe wa Pazile ni mweupe kama unga wa muhogo, na umehifadhiwa vikali. Nyayo za raia haziruhusiwi, kwa kuwa zinaharibu mandhari. Kwa hiyo siku ya uzinduzi Mkurugenzi mwenyewe alitembea kutoka gatini mpaka kwenye magofu, na nyuma yake mafundi wakamwaga saruji katika kila alama ya kiatu chake. Sasa mgeni anakanyaga humo tu. Mpango mzuri, isipokuwa Bwana Mkurugenzi ni mrefu, na siku ile alikuwa na haraka ya chakula cha mchana.

Nilisimama kwenye unyayo wa kwanza nikautazama wa pili kule mbali.

"Shikamoo, Bibi," akasema mlinzi. Ni Sefu, mtu mzima mwenye masharubu, ninayemwona kila mwaka.

"Marahaba, mwanangu. Huyu bosi wako alikuwa anaruka au anatembea?"

"Usiseme kwa sauti, Bibi. Mchanga nao una masikio, tumeuwekea." Akavua kofia yake ya kazi akaiweka chini, katikati ya nyayo mbili. "Kanyaga hapa. Kofia si mchanga."

Nikakanyaga kofia, nikafika kwenye saruji. Akaiokota, akaikung'uta, akaiweka tena mbele. Hivyo hivyo nyayo sitini na tatu. Njiani tulimpita kasa aliyekuwa amepanda ufukweni kutaga bila kibali. Ubavuni pake kulikuwa na kibao: MVAMIZI. SHAURI LINAENDELEA. Sefu alikuwa amemwekea jani la mnazi la kumkinga jua.

Dada yangu alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha msikiti mkongwe, anasuka ukili wa mkeka kwa kupapasa. Alisikia watu wamefika, akainua uso, akatabasamu lile tabasamu lake la meno matatu, akaanza kupunga mkono. Nilitazama nyuma yangu kuona mwaka huu nani amepata bahati.

Alikuwa anaipungia nguzo. Nguzo ya kaburi la kale, ile ndefu ya mawe.

"Mishi!" akaiita. "Mwaka huu umerefuka, mdogo wangu!"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaona kucheka kwangu kumegeuka kitu kingine, nikajifuta kwa ncha ya kanga. Nikafungua mdomo nimwite, na papo hapo Sefu akaweka kidole midomoni. Si kwa ukali. Kama mtu anayemwomba mwenzake asiamshe mtoto.

"Mpelekee hii basi," nikamnong'oneza, nikimpa kasha. "Ni miwani tu."

"Bibi, ningeweza ningeshampa hata yangu. Mwaka juzi wakati wa upepo wa kusi nilimfunika kanga, wakanihamishia vyooni mwezi mzima. Waliliita kosa la Kuongeza." Akautazama mlango wa ofisi. "Mkurugenzi yupo leo. Jaribu. Ana moyo, ila ameuweka kwenye jalada."

*

Ofisi ni banda safi nyuma ya kisima cha kale, lenye dirisha linalotazama msikiti. Ndani kulikuwa na Mkurugenzi, Bwana Tindo Mahfudhi, na karani wake, Bi Rehani, mwanamke wa makamo mwenye kalamu mbili kwenye kilemba. Aliponiona nimesimama, alinipa kiti chake, akakaa yeye juu ya boksi la fomu.

Nilieleza haja yangu. Bwana Tindo alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kifungo cha koti, akasimama kana kwamba nyuma yangu kuna umati.

"Bibi," akasema, "Serikali inayajua machozi yako na imeyatengea nafasi. Lakini zingatia! Leo tukiiwekea mali ya kale miwani, kesho mwingine ataivika nguzo kofia. Keshokutwa msikiti utafungwa tai! Wataalamu wa dunia watakuja hapa, watauliza, hii miwani ni ya karne ya ngapi? Tutajibu nini? Taifa litaficha wapi uso wake?"

"Sijui, baba," nikasema, maana kwa kweli sikujua.

"Umeona!"

"Basi msimpe miwani. Niacheni nivuke kamba nimshike mkono tu, ajue nilikuja."

"Ndani ya kamba," akasema, sasa kwa upole kidogo, "wanaingia watu wa aina mbili. Wataalamu, na mali za kale zenyewe. Wewe Bibi ni mtaalamu?"

"Wa maandazi."

"Basi." Akakaa. Nikaona amehuzunika, maana aliusukuma mkebe wake wa peremende mpaka upande wangu wa meza, akajifanya anatazama dari.

Bi Rehani alikuwa anapekua Kanuni za Mamlaka, kitabu kinene kama tofali. Bila kumtazama mtu yeyote akasoma kwa sauti:

"Kifungu cha kumi na saba. Kipande chochote kilichovunjika kutoka mali ya kale, kikipatikana nje ya kisiwa, kitarudishwa upesi na kuungwa na asili yake, pamoja na chochote kilichogandamana nacho, wala hakitatoka tena."

Akasoma tena, polepole, kama anayempitishia mtu sukari chini ya meza. Kisha akasema, "Bibi, umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa Pazile. Nyumba ilikuwa pale panapokaa jenereta."

"Na Kitu namba 41?"

"Tumbo moja, ziwa moja."

Bwana Tindo aliacha kutazama dari. Inafaa ujue kwamba kwa miaka sita Mamlaka ilikuwa haijarudisha kipande hata kimoja, na kila mwezi Wizara ilikuwa inaandika kuuliza vipande viko wapi. Uso wake ukaanza kuwaka taratibu, kama taa ya chemli inayopandishwa utambi.

"Kipande," akasema. "Kipande kizima. Tena kimekuja chenyewe! Rehani, leta koleo la kupimia!"

*

Walinipima. Urefu wa pua, upana wa sikio, nafasi kati ya nyusi. Koleo lilikuwa la chuma, na kabla ya kunigusa nalo Bwana Tindo alilifumbata viganjani kwanza lipate joto. Kisha akatoka mbio kwenda kumpima dada yangu, akarudi anahema.

"Pua: sawa. Sikio: sawa, ila la kushoto la namba 41 limeliwa kidogo na wakati. Kidole cha pili cha mguu?"

"Kimepinda kwa ndani," nikasema. "Wa kwetu wote. Mama alikuwa nacho."

"Kimepinda!" akapiga kelele. "Rehani, andika! Kipindo kinaendana!"

Bi Rehani akaandika. "Tarehe ya kuvunjika?"

Nikasema, "Jumatatu ile ya boti."

Kalamu yake ilisimama. Akaandika, akapuliza wino. Halafu akainuka akanimiminia chai, akainama kuniwekea kikombe, akasema chini chini, "Mama, ule mstari wa mwisho umeusikia?"

"Nimeusikia."

"Hakitatoka tena. Nikishapiga muhuri, mimi siwezi kukutoa, Mkurugenzi hawezi, hata Waziri hawezi. Una watu bara?"

"Nina binti. Nina wajukuu wawili."

"Na Siku ya Umma ni moja kwa mwaka."

"Naijua."

"Boti inaondoka saa kumi. Sasa ni saa tisa na nusu. Kunywa chai yako kwanza."

Nikanywa. Sikuwa jasiri hata kidogo. Nilimfikiria Raya amepiga magoti kwenye viatu vyangu. Nilifikiri, miwani nitaiacha kwa Sefu, labda siku moja mkubwa mwingine atakuja, labda kanuni zitabadilika. Nchi yetu hubadilisha kanuni mara nyingi, kwa nini isibadilishe na hii?

Halafu kupitia dirishani nikamsikia Mwanatumu. Alikuwa anaongea na nguzo. Alikuwa anaiambia habari za jino lake, na jinsi kasa walivyopungua, na akaiuliza, "Wanawe Raya wameshaanza shule?" Akanyamaza kuipa nafasi ijibu. Nguzo haikujibu. Akangoja. Kisha akasema, "Haya, umechoka na safari. Pumzika kwanza."

Nikaweka kikombe chini.

"Bi Rehani, mwanangu, lete hiyo kalamu."

"Vaa miwani kwanza, Mama," akasema haraka, "kabla sijaandika. Kanuni inasema kilichogandamana nacho."

Nikaivaa. Dunia ikavimba. Bwana Tindo akawa wawili, na wote wawili walikuwa wanafuta macho.

"Imegandamana?" akauliza.

"Imegandamana," akasema Bi Rehani, akaibana kwenye sikio langu kwa kibanio cha karatasi ili sheria iridhike. Nikasaini jina langu kwa mwandiko wa darasa la nne, na muhuri ukashuka. Nikawa Kitu namba 41, herufi B. Sefu akapeleka ujumbe kwa nahodha wa boti amwambie Raya, na maneno niliyompa yalikuwa haya tu: "Mama hajafa, amehifadhiwa."

*

Kanuni inataka kipande kiungwe na asili yake kwa chokaa. Bwana Tindo alivua koti, akakunja mikono ya shati, akakoroga chokaa ya kale kwenye sahani yake ya chakula, akalainisha kwa maji mpaka ikawa kama uji. Kisha akainua kamba. Mimi nikainama nikapita.

Miaka sita. Hatua kumi. Nilizipiga zote.

"Nani?" akauliza dada yangu, akigeuza uso. "Sefu?"

Bwana Tindo alichukua mkono wake wa kulia na mkono wangu wa kushoto, akavipaka chokaa viganja vyetu, akavigandamanisha. "Visiachane," akatangaza, "mpaka ikauke. Saa moja kamili. Hili ni agizo la Serikali!"

Nimeishi chini ya serikali hii miaka mingi, nami sijawahi kutii agizo kwa moyo namna ile.

Dada yangu alikuwa ameshaujua mkono. Aliuminya kidogo kwenye kidole gumba, pale penye kovu la kisu cha kukatia papai. Midomo yake ilikuwa inacheza tu. Kwa mkono wangu uliobaki huru nikatoa kibanio, nikavua miwani, nikamvisha.

"Je, hilo si Kuongeza?" akaanza Bwana Tindo.

"Kuhamisha ndani ya kitu hicho hicho," akasema Bi Rehani kabla hajamaliza. "Si kuongeza."

"Ah. Safi. Endeleeni."

Mwanatumu akanitazama. Alianza na kanga, akapanda shingoni, akafika usoni, akakaa hapo.

"Mishi?"

"Mimi."

"Mbona umezeeka hivi?"

"Jitazame wewe!"

"Mimi ni mali ya kale, nina sababu. Wewe una sababu gani?" Kisha akageuka, akaitazama nguzo, akaitazama sana, juu mpaka chini. "Na yule? Niliyekuwa namweleza siri zangu zote?"

"Nguzo ya kaburi, dada."

"Ee! Hata ile habari ya mume wangu na bata?"

"Hata hiyo."

"Basi imefika pazuri. Haitaipeleka sokoni."

Tukacheka mpaka tukayumba, na Bwana Tindo akaruka huku na huku akipiga kelele, "Msicheke! Msicheke, chokaa itapasuka!" Honi ya boti ililia saa kumi. Niliisikia. Tulikuwa tunakula maandazi, mkono mmoja mmoja.

*

Sikutegemea yaliyofuata. Wiki ya pili alifika kwa boti ya mizigo Mzee Shebwana, aliyekuwa jirani yetu, amevaa kanzu ya Ijumaa. Akaenda moja kwa moja ofisini, akasema yeye ni kipande cha kisima.

"Ushahidi?" akauliza Bwana Tindo.

Mzee Shebwana akafungua viganja. Alichota maji kwenye kisima kile miaka arobaini, na kamba ilikuwa imemchimba mifereji mikononi. Wakamleta kwenye ukingo wa kisima, wakaweka mikono yake juu ya mifereji iliyochimbwa na kamba ile ile kwenye jiwe. Iliingia kama ufunguo kwenye kufuli. Bi Rehani akapiga muhuri. Namba 17, herufi B.

Baada ya hapo waliletwa na kila boti ya mizigo. Mama mmoja alikuwa kipande cha jiko la kale, na moshi wake bado uko kwenye kope. Mwingine alikuwa kipande cha ukuta wa kusini, kwa kuwa mgongo wake, aliokuwa akiuegemeza pale kila jioni akisonga nywele za mabinti, ulikuwa na umbo la mawe yale. Kuku wangu naye alirudi, kama kipande cha ua. Bwana Tindo alimpima kila mmoja, akilifumbata koleo kwanza, na kila jioni alituma ripoti Wizarani ikisema vipande vimeongezeka. Wizara ilifurahi sana. Haikuuliza kwa nini vipande vinaomba sukari.

Mwezi wa tatu alikuja Waziri wa Mambo ya Kale na Mapya. Alisimama kwenye kizingiti chetu, kwa kuwa ndipo penye kivuli, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Nchi nyingine, hata zile tajiri, magofu yao yanapungua kila mwaka. Yetu yanaongezeka! Nchi nyingine magofu yao ni bubu. Yetu yanakohoa! Yanapika! Nimepita asubuhi hii, gofu moja limenikaribisha chai! Je, kuna ushahidi mkubwa zaidi wa uongozi bora?"

"Hakuna!" tukaitikia, maana alikuwa amesimama juani sasa, kivuli kimehama, nasi tulimhurumia. Mwanatumu alimpa kipepeo cha ukili ajipepee.

Waziri aliguswa sana na kile kipepeo. Akaagiza papo hapo kwamba Pazile isifunguliwe mara moja kwa mwaka bali kila Jumapili, taifa lije lijionee, na kwamba magofu yakisalimia, raia wajibu, kwa sababu kutomjibu mkubwa ni utovu wa adabu. Alimaliza kwa kulitaja jina la nchi, kwa bahati mbaya, tukasimama wote mpaka thelathini, kisima na jiko na ukuta wa kusini, tunashikana mabega tusianguke.

*

Raya alikuja Jumapili ya kwanza. Niliona viatu vyake kabla yake, vinaruka kutoka unyayo hadi unyayo, na Sefu mbele yake na kofia. Alifika kwenye kamba akasimama. Yeye alizaliwa hospitali ya bara, kwa hiyo si kipande cha chochote hapa. Ni mgeni.

"Shikamoo, Mama Mkubwa," akamwambia dada yangu.

"Marahaba, mwanangu. Umependeza. Naona mpaka kifungo kilichokatika."

Kisha akanigeukia mimi, mikono kiunoni.

"Mama! Umeenda kupeleka miwani, umegeuka gofu!"

"Shikamoo husemi?"

"Shikamoo. Miezi mitatu, Mama! Watoto wananiuliza Bibi yuko wapi, nawaambia yuko kwenye daftari. Hivi ni jibu hilo?"

"Ni jibu la kweli."

"Unakula?"

"Dawa ya kuhifadhi. Leo ni ya nazi."

Alitaka kucheka, akajizuia, akatazama pembeni. Tulizungumza hatua kumi, kwa kupaza sauti kidogo, juu ya homa ya mjukuu mdogo, na paa linalovuja, na jinsi anavyosahau na kunimiminia chai kila asubuhi, kisha anainywa yeye ya pili. Aliposema hilo alikunja uso kama alipokuwa na miaka minne. Mwanatumu akainuka, akaingia ndani kutafuta ukili ambao ulikuwa mkononi mwake.

Honi ya boti ikalia. Wageni wakaanza kurudi kwenye nyayo zao. Raya hakuondoka.

"Mama," akasema, safari hii bila kupaza, nami nikasikia hivyo hivyo. "Nikikwambia rudi nyumbani?"

"Niko nyumbani, mwanangu. Mimi sitoki tena, kwa hiyo mimi ndiye ninayekuomba wewe."

"Unaniomba nini?"

"Uje Jumapili. Lete watoto. Halafu mje tena Jumapili inayofuata."